Mzee Aliyesimama Mlangoni

Mwanamke mmoja alikuwa na baba aliyekufa bila kuacha picha. Ilikuwapo moja tu, ile ya kitambulisho, na hiyo mama yake hakutaka hata kuiona. Alisema mtu aliyemo mle amekodoa macho kama aliyeamshwa kwa kelele, na yeye hakuolewa na mtu wa namna hiyo.

Mwanamke huyo aliitwa Siwema. Aliishi Lindi, na kazi yake ilikuwa kuchora kuta za saluni na za vinyozi. Mmeviona vichwa vile: mwanamume aliyenyolewa akatengenezwa ndevu, mwanamke aliyesukwa akatazama pembeni. Vichwa Siwema alivijua barabara. Miguu hakuijua, kwa sababu hakuna kinyozi anayemwita mtu aje kumchorea miguu.

Baba yake, Mzee Chande, alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Kila jioni alirudi akisukuma baiskeli, miguu yake myeupe kwa chumvi hadi magotini. Alipokufa, mkewe Bi Somoe akaingia eda, akakaa ndani kama ilivyo ada. Siku moja, huko ndani, akamwambia binti yake jambo lililomtisha.

"Sura yake ninayo," alisema. "Kuingia kwake ndiko kunakonitoka. Nikifumba macho namwona njiani, halafu namwona keshakaa mkekani. Hapo katikati pamefutika. Wewe si unachora? Nichoree baba yako anaingia nyumbani."

Siwema alijua kuwa picha moja haiwezi kuingia nyumbani. Picha moja husimama tu. Basi akaanza kujifunza kazi ya kuzifanya picha zitembee, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu kazi hii inanishangaza hadi leo. Unamchora mtu kwenye karatasi. Unachukua karatasi nyingine, unamchora tena, mguu umesogea kiasi cha kucha. Unachukua nyingine. Kila karatasi unaipiga picha kwa simu, na ukizipitisha zote upesi, mtu yule anaondoka anakwenda zake. Hakuna karatasi hata moja iliyotembea, na mtu katembea. Nimeliona kwa macho yangu, na bado najiuliza ule mwendo ulikuwa umekaa wapi.

Alichora miezi yote ya eda. Alitaka filamu iwe tayari siku mama yake atakapotoka. Lakini aliitilia shaka mikono yake, na mwenye shaka hutafuta wenzake. Akaingia katika jukwaa moja mtandaoni, mahali ambapo watu wanaojitengenezea filamu fupi za katuni, bila kampuni wala bosi, huziweka ili wengine wazitazame na kusema neno. Wapo wa Mombasa, wapo wa Mwanza, wapo walioko ughaibuni wanaochora theluji kwa sababu ndiyo wanayoiona dirishani. Siwema akaiweka filamu yake pale, ya dakika mbili tu, isiyo na sauti kwa kuwa sauti hakujua inatiwaje. Chini yake akaandika kwamba anaomba maoni na wasimwonee haya.

Wengi waliandika "Moto!" wakaondoka. Sina ugomvi nao, wana mioyo mizuri. Ila moto huo haupiki hata chai ya kikombe kimoja, na Siwema alikuwa na njaa ya kujua.

Mtu mmoja hakuandika "Moto". Aliitwa Lusungu Mgaya, mkazi wa Njombe, fundi wa mwendo ambaye jukwaa zima lilimheshimu. Sitaki mumchukie mtu huyu. Alikuwa na kazi zake na familia yake, na bado aliwapa wageni muda wake bure. Alimwandikia Siwema kwamba gurudumu la baiskeli linazunguka kinyumenyume. Siwema akatazama, akaona ni kweli, akachora upya. Akamwandikia kwamba ni jioni lakini kivuli cha mzee kimelala upande wa asubuhi. Ni kweli tena. Akamwandikia kwamba goti la mzee linakunjika kama la kuku. Siwema akacheka peke yake, akatoka nje, akawatazama watu wanavyotembea barabarani mpaka mmoja akamuuliza amemfananisha na nani. Akarudi, akachora upya. Safari hii alipoziendesha karatasi, baba yake alipandisha baiskeli mlimani akitweta, na Siwema akalia kwa furaha, maana hakutegemea kwamba mikono yake ingeweza jambo kama lile.

Sasa tazameni, hapa ndipo penye jambo.

Katika filamu ile Mzee Chande anafika nyumbani. Anaiegemeza baiskeli ukutani. Anainua mkono, anaushika mwimo wa mlango. Halafu anasimama. Anasimama kitambo kirefu, hafanyi kitu. Kisha anainama kidogo, anaingia.

Lusungu akaandika: "Hapo mlangoni filamu imekufa, dada. Mzee anasimama bure, tena mistari yake inatetemeka. Kata kipande hicho, aingie moja kwa moja."

Wengine wakaitikia chini yake. Mmoja akasema kweli kabisa. Mwingine akasema yeye aliishia hapo hapo, akaenda kutazama kitu kingine. Na jukwaa lenyewe humwonyesha mwenye filamu mahali watazamaji wanapochoka, nalo lilionyesha mlango. Hakuna aliyesema uongo. Wote walihisi kitu pale, na walichokihisi kilikuwepo.

Siwema alisita. Mkono wake haukutaka kukata, lakini alipojiuliza sababu hakuipata. Alikuwa amemchora baba yake anasimama kwa kuwa alisimama, basi. Amekua akimwona hivyo, na mtu haulizi kwa nini maji yanalowesha. Akajiambia kwamba huyu kaka ameliona gurudumu, ameona kivuli, ameona goti. Hawezi kuukosea mlango. Hivyo ndivyo tulivyo. Mtu akitupatia mara tatu, ya nne tunaipokea tumefumba macho.

Akakata. Karatasi za kusimama akazifunga kwa uzi, akazisukuma chini ya kitanda. Filamu ikatiririka. Watu wakaitazama hadi mwisho, wakawatumia wenzao, na Lusungu akaandika kwamba sasa imekaa. Alifurahi kwa dhati, kama anavyofurahi mtu aliyemsaidia mwenziwe kutua mzigo.

Siku ya kutoka eda ikafika. Bi Somoe akaogeshwa, akavishwa kanga mpya, wanawake wa ukoo na wa mtaa wakajaa chumbani. Jikoni pilau ilikuwa inanukia hadi njiani. Siwema alikuwa ameazima runinga ya jirani, akaiunganisha na simu yake, akawaomba wanyamaze kidogo. Alichora kuta nyingi maishani mwake, lakini hakuna ukuta uliowahi kumtia hofu kama uso wa mama yake siku ile.

Mzee akatokea njiani na baiskeli yake. Bi Somoe akasogea mbele. Gurudumu likazunguka vizuri, kivuli kikamfuata upande unaostahili. Miguu ile myeupe ikaonekana, na Bi Somoe akasema, "Mwone, na chumvi yake," na wanawake wakacheka, wengine huku wakijifuta macho kwa ncha za kanga. Mzee akaegemeza baiskeli. Akainua mkono. Akaingia.

Bi Somoe akarudi nyuma, akaegemea ukuta.

"Huyu ameingia bila hodi," alisema. "Simjui."

Akajifunika kanga kichwani, akawaambia wawapakulie wageni chakula kisije kikapoa.

Mnapaswa kujua jambo ambalo mtaa mzima ulilijua na jukwaa halikulijua. Mzee Chande, tangu alipooa hadi alipokufa, hakuwahi kuingia nyumbani kwake bila kubisha hodi. Nyumba aliijenga kwa mikono yake, na bado alishika mwimo, akaita mara moja, akasimama mpaka aitikiwe. Kama mkewe alikuwa uani anasugua masufuria, alisimama. Kama walikuwa wamegombana asubuhi, alisimama sana, kwa kuwa Bi Somoe alisikia na akajifanya hakusikia. Majirani walipima hali ya ndoa ile kwa urefu wa kusimama kwake. Wanaume wenzake wakimtania, aliwajibu kwa maneno matatu tu: "Nyumba ina mwenyewe."

Hayo ndiyo Siwema aliyoyachora bila kujua anayachora, akayakata bila kujua anayakata. Siku ile alilia jikoni, na hakulia kwa furaha. Alimtafutia mama yake mtu mmoja, akamletea mwingine.

Akaiondoa filamu jukwaani. Hakuaga, hakumlaumu mtu.

Lusungu akaona haipo. Kwanza alikasirika. Alisema moyoni kwamba wachoraji wachanga ndivyo walivyo, ukiwasaidia wananuna. Lakini alikuwa na mazoea ya kuhifadhi filamu za watu kwenye kompyuta yake ili azitumie kufundishia, na ile ya kwanza ya Siwema alikuwa nayo. Akaifungua atafute ni wapi alipomuudhi. Akafika mlangoni. Akaanza kuipitisha picha moja moja.

Hapo akaona kitu alichokwisha kukiona mwanzo asikiulize.

Kumchora mtu aliyesimama ni kazi rahisi kuliko zote. Karatasi moja yatosha. Unaiacha hapo hapo, muda unapita, mtu amesimama. Hilo hata mwanafunzi mvivu analijua, hasa huyo mvivu. Lakini mistari ya mzee huyu ilikuwa inatetemeka, na mistari haitetemeki ila kila karatasi ikiwa imechorwa upya. Basi mwanamke huyu alikuwa amemchora mtu asiyefanya kitu, akamchora tena, akamchora tena, huku karatasi moja ingemtosha. Nani anajitesa hivyo kwa ajili ya kipande kilichosimama bure?

Lusungu aliona aibu, na aibu ile ilikuwa na haki ya kumshika. Lakini udadisi ulimshika zaidi, nami nadhani udadisi ndio uliomwokoa, kwa sababu mwenye aibu peke yake angenyamaza. Aliyaandika maneno mengi ya kuomba radhi, akayafuta. Mwisho akatuma haya tu: "Dada Siwema, salama? Yule mzee pale mlangoni anangoja nini?"

Siwema aliyasoma akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, anamalizia kichwa cha mtu ukutani. Akashuka. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile, hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Ilimbidi akae kwenye ndoo ya rangi ndipo jibu lije.

"Anangoja kuitikiwa, kaka," aliandika. "Baba hakuingia bila hodi."

Lusungu akairudia filamu pale mlangoni. Kisha akaandika tena: "Na anayemwitikia, mbona sijamwona?"

Hilo nalo likamwingia Siwema. Alikuwa amechora kungoja, lakini hakumchora anayengojewa. Nyumba katika filamu yake ilikuwa tupu, haina mtu ndani, haina sauti, haina hata moshi wa jiko. Ndiyo maana wageni walichoka mlangoni. Walihisi kuna mtu hayupo, wakadhani ni muda uliozidi. Waligusa penye jipu kweli kweli, wakaagiza mguu ukatwe.

Akazivuta karatasi kutoka chini ya kitanda, akazikata uzi, akazirudisha mahali pake. Kisha akaenda kwa mama yake kumwomba sauti. Alitaka arekodi neno moja tu, la kuitikia hodi, alitie kwenye filamu.

"Mtu wenu nimekwisha mwona," Bi Somoe alisema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Mara moja tu, mama. Hata usitazame. Nitakuambia lini useme."

Akaegemeza simu kwenye sinia, akaanzisha filamu, akakaa pembeni tayari kumpa mama yake ishara. Mzee akaja na baiskeli. Akaiegemeza. Akainua mkono, akaushika mwimo wa mlango.

Akasimama.

Bi Somoe akaacha kuchambua. Mzee alisimama pale, mistari yake ikitetemeka kidogo kidogo, kama kifua cha mtu anayepumua. Siwema alisahau ishara. Alikuwa anamtazama mama yake, na mama yake alikuwa anatazama mlango, midomo ameifunga, kama alivyokuwa akifanya siku zile za kugombana asubuhi. Muda ukawa unakwenda. Karatasi zina mwisho wake, na Siwema alijua kuwa zimebaki chache. Zikiisha, mzee ataingia, ameitikiwa au hakuitikiwa. Alitamani kumwambia mama yake aseme. Hakuthubutu.

"Karibu, Baba Siwema," alisema Bi Somoe. "Umechelewa."

Mzee akainama kidogo, akaingia.

Siwema hakuwa ameirekodi sauti ile hata chembe. Alipomwomba mama yake arudie, Bi Somoe aliurudia mchele wake, akaupuliza pumba, akamwambia mtu ameshaingia ndani, amwite mara ngapi? Basi Siwema akachora. Nyuma ya pazia la mlango akamchora mwanamke anayejifuta mikono kwa kanga, hana haraka, anamsikia mtu nje na hataki ajue kwamba anamsikia. Sura yake haionekani. Filamu ikawa ndefu kuliko ile ya kwanza, akairudisha jukwaani, na watu wanaoitazama hawaondoki mlangoni. Hapo ndipo wanaposogea karibu. Wengine huandika "Moto". Wengine, wachache, wameanza kuuliza maswali.

Mlango ule ni nini, na eda ni nini, na yule aliye nyuma ya pazia ni nani, sitawafasiria. Ninyi ni watu wazima. Mmekuja kunisikiliza kwa sababu mnajua gurudumu linavyozunguka na kivuli kinavyolala, na kila siku mnaandika chini ya kazi za wenzenu, na wenzenu wanawasikiliza. Nawauliza moja tu: mnapomkuta mtu amesimama katika kazi ya mwenzenu, na hamjui anangoja nini, ni nani kati yenu anayeuliza kabla ya kushika mkasi?